Kitambaa cha Kufunikia Mkate

Tsivia Kagan hakuwahi kufunikwa kichwa mpaka alipofika miaka sitini na mmoja, na siku hiyo hakuombwa ruhusa.

Katika mtaa wa Glenhazel, Johannesburg, mwanamke wa Kiyahudi akishaolewa huficha nywele zake, kwa kilemba au kwa wigi linalopendeza kuliko nywele zenyewe. Asiyeolewa huziacha wazi, na kila anayepita humsoma kichwani bila kuuliza. Nywele za Tsivia zilianza nyeusi, zikaingia majivu, zikaishia nyeupe pe, na muda wote huo zilikuwa wazi. Wale wakongwe wa sinagogi waliokuwa wakimtafutia mchumba walichoka mmoja baada ya mwingine. Waliobaki walikufa.

Si kwamba alikuwa mchaguzi. Mama yake alipooza upande mmoja, na kaka yake, Selwyn, akahamia Australia na mke na watoto. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama Selwyn alipiga simu na kuuliza, "Mama hajambo?" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba mama hajambo. Tsivia ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamwosha. Mama alipofariki mtaa mzima ulikuja kumpa pole, ukala samaki wa siki na biskuti, ukaenda zake. Kilichombakia Tsivia ni chekechea.

Pale chekechea alikuwa mwalimu msaidizi. Watoto wote walimwita Mora Tsivia, maana mora ndiye mwalimu, awe na cheti au asiwe nacho. Yeye hakuwa nacho. Alikuwa na mikono. Na chekechea ile ilikuwa ya mikono kweli: mtoto hakuhubiriwa kwamba sadaka ni njema, alitia sarafu kwenye kopo kila asubuhi mpaka vidole vikazoea. Hakuambiwa awahurumie wagonjwa, alimenya karoti za supu yao. Ukutani palikuwa na mti mkubwa wa karatasi, na kila mtoto aliyefanya mitzva, yaani tendo jema, alibandikiwa jani lenye jina lake. Mama wengine walikuja asubuhi wakihesabu majani ya mtoto wa jirani kabla hawajasalimia, lakini hayo si ya watoto.

Siku kubwa ilikuwa Ijumaa. Tsivia alikanda unga na watoto, akawafundisha kusuka mikate ya Sabato, na mikate ilipoiva aliipanga mezani na kuifunika kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, makomamanga mawili ya buluu, alipokuwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake. Kisha aliuliza swali lile lile alilouliza miaka yote.

"Kwa nini tunaufunika mkate?"

"Usije ukaona haya!" watoto wakapiga kelele.

"Uone haya kwa nini?"

"Divai inabarikiwa kwanza! Mkate unangoja!"

"Kwani mkate una macho?"

"Hauna!"

"Una moyo?"

"Hauna!"

"Haya. Mkate usio na macho wala moyo tunauchungia heshima yake. Mtu je?"

Swali hilo halikuwa na jibu la kupigia kelele. Divai ikishabarikiwa, Tsivia alisema, "Sasa ufunueni, zamu yake imefika," na mikono midogo ikagombania kitambaa. Hakusahau hata mara moja kuwaambia waufunue.

Na hayo hayakuwa maneno ya mdomoni tu. Marabi wao wa kale wanafundisha kwamba amwaibishaye mwenzake mbele za watu ni kama amemwaga damu, na wengi husoma hivyo wakageuka kwenda kuwasema wenzao kwenye foleni ya duka la nyama. Tsivia aliamini kama ilivyoandikwa. Zamani, kulikuwa na mtoto wa miaka minne aliyeitwa Lauren. Ijumaa moja Lauren alikuwa Mama wa Sabato, ndiye mtoto wa kike anayekaa kichwani mwa meza na gauni jeupe mbele ya wazazi wote. Macho ya watu yakamzidi. Tsivia, aliyesimama nyuma yake, akaona tone la kwanza la mkojo likidondoka chini ya kiti. Hakungoja la pili. Alinyakua jagi la maji, akajikwaa mguu wake mwenyewe, akalimwaga lote mapajani mwa mtoto.

"Aa! Mikono yangu hii, kama ya mlevi!" akalia.

Mama yake Lauren alisimama akamfokea mbele ya ukumbi mzima. "Huna macho wewe? Umemharibia mtoto siku yake!" Tsivia akainama, akaomba radhi mara nyingi, akamchukua mtoto kumbadilisha nguo. Hakumwambia mtu, hata mama yake yeye mwenyewe. Tenda wema uende zako, wasemavyo, na Tsivia alikwenda zake kweli kweli.

Basi mwana umleavyo ndivyo akuavyo, au tuseme hivyo ili tusilie. Lauren alikua, akasoma London, akaolewa, akarudi na wigi la kahawia na shahada ya malezi ya watoto, akawa Bi Perlov, mwalimu mkuu wa chekechea ile ile. Wakati huo kidole gumba cha Tsivia kilikuwa kimeanza kutetemeka. Kidole kikaambukiza kiganja, na kiganja mkono. Daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake na kusema hauui upesi, kama kwamba hiyo ni habari njema. Dimakatso, mpishi wa chekechea, alikuwa ameona kabla ya daktari. Alikuwa akimpokonya masufuria ya moto bila kuugusia ugonjwa, huku akimsimulia habari za wajukuu zake.

Bi Perlov alimwita ofisini.

"Mora Tsivia wangu! Kaa, kaa. Chai?"

"Asante, nimeshakunywa."

"Mikono inaendeleaje?"

"Inaendelea."

"Sasa mpenzi, wazazi wanaona. Kuna mmoja kaniuliza, eti unakunywa pombe?"

"Mimi? Mimi divai yenyewe nakunywa ile ya watoto, juisi ya zabibu."

"Ndivyo nilivyomwambia! Nilikutetea sana. Lakini unajua watu." Akamshika ule mkono unaotetemeka, akaupapasa. "Tufanye hivi. Ijumaa ya wazazi, kikombe cha baraka mimina wewe, kama siku zote. Ikipita salama, maneno yamekwisha, unabaki."

"Nabaki mpaka lini?"

"Mpaka utakapochoka mwenyewe."

"Na isipopita salama?"

Bi Perlov akatabasamu. "Kwa nini tuwaze mabaya?"

Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Tsivia alitoka akiwa na furaha. Hakuwa na mume, wala mtoto, wala mama, na Selwyn alikuwa akizungumza naye kama anayekagua mita ya maji. Alikuwa na chumba kile chenye viti vya kimo cha goti, na mtu wa kumwita Mora. Kumimina kikombe kimoja tu na atabaki navyo. Akaenda nyumbani akajizoeza na jagi juu ya sinki, mkono wa kushoto ukiukamata wa kulia, na mara nyingine ilikubali.

Ijumaa yenyewe, asubuhi, Dimakatso alimwona akijizoeza jikoni.

"Mora, nikwambie kitu. Jaza nusu."

"Nusu?"

"Nusu. Inua kikombe kwa mikono miwili, imba, maliza. Nani atachungulia ndani?"

"Kikombe cha baraka hakijazwi nusu, Dima. Kinajazwa mpaka mdomoni. Nimewaambia watoto hivyo maisha yangu yote."

"Watoto! Wana miaka minne hao, wanakula gundi! Mwombe Mungu afumbe jicho mara moja tu."

"Mungu atafumba. Raizel hatafumba."

Dimakatso akacheka bila kupenda. Raizel Lurie ndiye aliyekuwa Mama wa Sabato siku hiyo, na kila mtu alimjua. Alikuwa mtoto wa kutii sheria kuliko marabi. Ukimpa biskuti kabla ya baraka alikuangalia kama umemwibia.

Wazazi walikuja wakajibana kwenye vile viti vidogo, simu mkononi. Raizel alikaa kichwani mwa meza na gauni jeupe lililoshonwa na bibi yake mzaa mama. Mikate miwili ilikuwa imefunikwa kwa yale makomamanga ya buluu. Tsivia akauliza swali lake, watoto wakajibu kwa kelele, wazazi wakacheka palepale wanapocheka siku zote. Kisha akashika chupa.

Akamimina. Mkono wa kushoto uliukamata wa kulia kwa nguvu mpaka kucha zikazama. Juisi nyekundu ikapanda kikombeni, ikafika nusu, ikapita nusu, ikakaribia mdomo. Akasimamisha chupa. Hakuna tone lililoanguka. Dimakatso, kwenye mlango wa jikoni, akashusha pumzi.

"Mora," Raizel akanong'ona, "bado haijajaa."

Angeweza kumdanganya. Neno moja tu lingetosha, na mtoto angeliamini, kwa kuwa aliyelisema ni Mora Tsivia. Ndiyo sababu hakuweza kulisema. Akaiinamisha chupa tena, na mkono ukaruka.

Shingo ya chupa iligonga kikombe, kikombe kikaanguka, juisi ikakimbia juu ya kitambaa cha meza na kushuka mapajani kwa Raizel. Kisha Kerryn, mama yake Raizel, akasema kwa sauti, "Gauni la mama yangu!"

Bi Perlov alikuwa ameshasimama. Hakukunja uso. Alipiga makofi mawili, kama anavyofanya akitaka kuanza wimbo.

"Watoto! Nani anataka kufanya mitzva?"

Mikono yote ikaenda juu.

"Mora Tsivia ni mgonjwa. Mikono yake haifanyi kazi tena. Wagonjwa tunawafanyaje?"

"Tunawasaidia!"

"Kwa maneno?"

"Kwa mikonooo!"

"Haya, njooni. Na kila mmoja atapata jani lake."

Wakaja wote kwa pamoja. Mmoja akamkamata kiwiko, mmoja kifundo, wawili wakagombania kidole gumba. Mwingine akamfuta aproni kwa karatasi, akisambaza wekundu. Wakamkalisha kwenye kiti. Mtoto mmoja aliuachia ule mkono autazame, akacheka, "Uoneni, unaruka kama samaki!" na wengine wakataka waone. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wakifanya walichofundishwa, na aliyewafundisha ndiye waliyekuwa wakimfanyia. Bi Perlov alikuwa ukutani akibandika majani, akitaja jina la kila mtoto kwa sauti, na wazazi wakipiga makofi kwa kila jina. Tsivia aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, kisha damu ikamtoka usoni yote, akawa mweupe kama unga wake.

Raizel peke yake hakuwa ameinua mkono. Alishuka kitini na gauni likidondoka, akauendea mkate, akakivuta kitambaa. Akapanda kiti kilichokuwa karibu na Mora Tsivia, akanyanyuka kwa vidole, akamtandazia kichwani mpaka kikamfunika uso wote na kufika kifuani.

"Asije akaona haya," akawaambia watu.

Ukumbi ukatoa sauti moja ya kuyeyuka, "Aaaah!" na simu zote zikainuka. Bibi mmoja mcheshi, aliyemjua Tsivia tangu ujana wao, akapaza sauti kutoka nyuma, "Mazal tov! Hongera! Tsivia, hatimaye bi harusi!" Watu wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi, kwa maana bi harusi wao hufunikwa vivyo hivyo.

Chini ya kitambaa palikuwa na mwanga wa maziwa na harufu ya mkate. Tsivia alilia humo, kwa kuwa palikuwa mahali pa kwanza siku hiyo ambapo aliweza. Aliijua sheria, akangoja. Alisikia Bi Perlov akimimina kikombe kingine. Alisikia baraka ya divai ikiimbwa mwanzo hadi mwisho, akasema Amina pamoja na wengine. Zamu yake ilikuwa imefika. Alingoja mikono midogo. Lakini Raizel alikuwa amechukuliwa na mama yake kubadilishwa nguo, na wengine walikuwa wanautazama mkate. Alisikia kisu, akasikia wimbo umeanza. Kisha mkono wa mtu mzima ukamshika kiwiko, ukamwinua, ukamwongoza nje na kitambaa kichwani, watu wakimpigia makofi mpaka mlangoni.

Alikivua mwenyewe ofisini.

"Umeona?" Bi Perlov alikuwa amefurahi kweli, macho yanang'aa. "Hata tungepanga isingetoka vizuri vile! Watoto wamejifunza leo kuliko mwaka mzima."

"Lauren," Tsivia akasema. Hakuwahi kumwita hivyo tangu alipokuwa mdogo.

"Sikufukuzi, Mora. Unapumzika. Na usijilaumu, mpenzi, wala usiusingizie ugonjwa. Wewe ni mmwagaji tangu zamani. Hata mimi ulinimwagia, unakumbuka? Jagi zima! Siku yangu ya Mama wa Sabato! Mama yangu alilisema jambo hilo mpaka akafa. Mimi nilishakusamehe."

Tsivia akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, sentensi moja tu, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani wa kuusikia. Wengine wetu tungeusema, tena kwa raha, tukautazama uso ule ukibadilika. Yeye aliutazama uso wenyewe, chini ya lile wigi la kahawia, akamwona mtoto wa miaka minne aliyetaka kulia na hakulia. Kitambaa ulichomfunikia mtu kwa mkono wako huendi tena kukifunua.

"Asante," akasema.

Akaomba aondoke na kile kitambaa chake. Bi Perlov akamwambia samahani, darasa lingekihitaji Ijumaa ijayo.

Baada ya likizo, bango lilibandikwa kwenye ukuta wa chekechea, upande wa barabarani, kubwa kuliko mlango. Mwanamke ameketi, kichwa na uso vimefunikwa kwa kitambaa cheupe chenye makomamanga ya buluu, na mtoto wa kike amesimama juu ya kiti, mikono ikiwa bado hewani. Chini yake, maandishi: HAPA WEMA HUFUNZWA KWA MIKONO. Wazazi wapya walimiminika. Njia ya kwenda kununua mkate ilipita pale, na nyingine ilikuwa ya mlima ambao miguu ya Tsivia haikuuweza tena, kwa hiyo kila Ijumaa alipita mbele yake mwenyewe. Mara moja alisikia mke akimuuliza mumewe, "Nani huyo chini ya kitambaa?" Mume akasema, "Si mtu. Wamemweka tu kwa ajili ya picha."

Mwaka ulipita. Ugonjwa ulimkunja mgongo na kuugandisha uso, asiweze tena kutabasamu hata alipotaka. Ijumaa moja alisimama kupumzika penye bango, mkate kwapani. Mtoto mmoja alikuwa amesimama pale akilitazama, na baba yake hatua chache mbali, akizungumza kwa simu. Alikuwa Raizel, ameongezeka kimo, meno mawili ya mbele yameng'oka. Baba huyo hakuwa amekuja Ijumaa ile ya kikombe.

Raizel akamwangalia yule bibi mwenye uso usiosogea. Hakumjua.

"Shabbat shalom, bibi."

"Shabbat shalom, mwanangu," Tsivia akajibu, na sauti nayo ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mchakacho.

"Bibi, divai ilishabarikiwa zamani sana," Raizel akasema, akionyesha ukutani kwa hasira. "Mbona mpaka leo hawajamfunua?"

"Walisahau."

"Mora wangu alisema kufunua hakusahauliwi. Mimi sifiki. Wewe ni mrefu, mfunue."

Tsivia akauinua mkono. Akautafuta ukingo wa karatasi, pale ambapo kitambaa kilipita juu ya paji lake, lakini mkono uliruka huku na huku, ukipigapiga ukuta, na vidole havikukamata kitu. Akajaribu tena. Baba akageuka, simu bado sikioni. "Raizel! Usimsumbue bibi wa watu, huoni ni mgonjwa?"

Raizel akaona. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, taratibu, kama alivyofundishwa kuwashika wagonjwa, akauteremsha ukutani.

"Pole, bibi," akasema. "Usijali. Nitamwambia Mora Lauren amfunue."